Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Programu Wanaoicheka Mifano ya Mameneja

Ndugu zangu waandishi wa programu za kompyuta, mlioko Dar es Salaam na Nairobi, Unguja na Mombasa, Arusha na Kampala, na nyinyi mliotawanyika ughaibuni kwa kutafuta riziki katika kazi hii hii tuliyoichagua:

Nawaombeni wasaa wa kusikilizwa juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, nami naliona kubwa. Jambo lenyewe ni dhihaka tunayowafanyia wakubwa wetu wa kazi kila wanapojaribu kuyaeleza mambo ya kompyuta kwa mifano ya mambo mengine. Ni dhihaka ambayo imekwisha kuwa desturi, ikarithiwa na kila kijana anayeingia ofisini, hata mtu akadhani kwamba kuucheka mfano wa meneja ni sehemu ya ujuzi wenyewe, sawa na kujua kuandika msimbo na kuyasoma makosa yake. Naandika kuwaomba muiache desturi hiyo, na mahali pake muweke kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuujibu mfano palepale unapotolewa.

Nayajua mambo yanavyokwenda, maana riziki yangu imetoka katika kazi hii tangu ujanani, kwanza kwa kuandika programu na baadaye kwa kuwaongoza wanaoziandika. Kikao kimeanza, meneja amesimama mbele ya ubao, anatafuta njia ya kuwaeleza watu wa fedha na watu wa mauzo kwa nini mfumo umezorota, naye anasema kwamba hifadhidata ni kama ghala lililojaa takataka, na kwamba wataalamu wakilifagia vizuri mwisho wa juma mambo yatanyooka. Hapo simu huanza kutetema chini ya meza. Mmoja ametuma picha ya ufagio katika kundi la WhatsApp. Wa pili amejibu kwa stika ya mtu anayetokwa na machozi kwa kucheka. Wa tatu ameuliza, kwa maandishi ambayo meneja hatayasoma kamwe, ni fagio ngapi zinazotakiwa kwa kila gigabaiti. Nyuso zimetulia, macho yako mbele, na mwenye kusema anapomaliza na kuuliza kama kuna swali, hapatikani hata mmoja mwenye swali. Kikao kinafungwa. Meneja anatoka na ghala lake na ufagio wake, anakwenda nao kwa mkurugenzi, na mkurugenzi, kwa mfano huo huo, anaamua kwamba hakuna haja ya kutenga fedha za seva mpya mwaka huu, maadamu kazi iliyobaki ni ya kufagia tu. Waliocheka ndio watakaoamshwa usiku wa manane mfumo utakapoanguka.

Sisemi kwamba kicheko hicho hakina sababu. Kinayo, na insafu inanitaka niitaje kabla sijaendelea. Mifano ya wakubwa aghalabu haiji kama maelezo. Huja kama amri. Anayesema kwamba kuandika programu ni sawa na kujenga ukuta amekwisha kupiga hesabu kichwani kwamba mafundi kumi watajenga mara mbili ya mafundi watano, na tarehe ya kukabidhi kazi amekwisha kuitoa kwa mteja kabla kikao hakijaanza. Mwandishi wa programu anayekesha wiki nzima kuifukuzia tarehe iliyozaliwa na mfano usiokuwa sahihi ana haki ya kuona uchungu, na tangu zamani watu wa chini wamewacheka wakubwa kwa siri kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kuwajibu. Walakini sisi tunayo njia nyingine. Tumo ndani ya chumba, tumeulizwa kama tuna swali, na elimu inayotakiwa kuusahihisha mfano ule iko kwetu, wala haiko kwa mwingine yeyote aliyekaa mezani pale.

Na kuhusu hili la kuongeza mafundi, natamani tukumbuke ni nani aliyetupa jawabu tunalolipenda kuliko yote. Katika miaka ya 1960 Frederick Brooks aliongoza kazi ya kuandika OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, kazi iliyochelewa sana na kula fedha nyingi, na mwaka 1975 akatoa kitabu ambamo alieleza kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Sababu alizitaja kinaganaga: wageni hawana budi kufundishwa, na wa kuwafundisha ni wale wale wanaotakiwa kuikimbiza kazi, na tena kila anayeongezeka huongeza njia za mazungumzo, hata watu watano wakawa na jozi 10 za kusikilizana, na watu kumi wakawa na jozi 45. Watu wengi hawakuishika hesabu hiyo. Walichokishika ni mfano alioutumia, kwamba mimba ni miezi tisa, wala haipungui kwa kukabidhiwa wanawake wengi. Ni nadra kumpata mwandishi wa programu asiyeujua mfano huu, na aghalabu ndio tunaoukimbilia siku tunapoambiwa kwamba tutaongezewa watu. Basi Brooks alikuwa meneja. Mfano ulio mtamu kuliko yote vinywani mwetu ulitufikia kwa kalamu ya mtu wa upande ule tunaoucheka, na ulikuwa sahihi kwa sababu mwenye kuusema aliijua kazi kwa pande zake zote mbili.

Wala msingi wa kazi yetu wenyewe si mwingine ila mifano. Madirisha, makabrasha, foleni, virusi, wingu: tumeazima kila mahali, na hatukuona haya kuazima. Hata wataalamu waliokutana Garmisch, Ujerumani, mwezi wa Oktoba 1968, chini ya Kamati ya Sayansi ya NATO, walipouita mkutano wao mkutano wa uhandisi wa programu, walikuwa wanaazima nidhamu ya wajenzi wa madaraja na kuidai kwa ajili ya kazi ambayo wakati ule haikuwa nayo, nao walilichagua jina hilo kwa makusudi ili liwachokoze watu wafikiri.

Najua mtaniambia kwamba iko mifano isiyovumilika, na mtanitajia Seneta Ted Stevens. Mzee huyu wa Alaska, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Biashara ya Seneti ya Marekani, alisema tarehe 28 Juni 2006, katika mjadala wa kama makampuni ya mawasiliano yaruhusiwe kubagua baina ya data za huyu na data za yule, kwamba intaneti si lori la kubwagia mizigo, bali ni mabomba yaliyoungana, na kwamba mabomba hayo yakijazwa na wenye kupitisha vitu vikubwa, ujumbe wa mtu mwingine huchelewa. Akatoa ushahidi kwamba ujumbe aliotumiwa na wafanyakazi wake asubuhi ya Ijumaa aliupata Jumanne. Watu wa kompyuta walicheka, na watangazaji wa televisheni wakacheka, na nyimbo zikatungwa, na kwa miaka mingi baada yake kutaja mabomba kukawa ni kumtaja mwanasiasa anayetunga sheria juu ya asichokijua.

Sasa tuutazame mfano wake kama mafundi. Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika mwezi wa Oktoba 1964 kwamba ingefaa programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kwa kipande, na mwaka 1973 Ken Thompson akaitia fikra hiyo ndani ya Unix. Ndiyo mabomba tunayoyaandika hadi leo kwa kistari kilichosimama, mara nyingi kwa siku, wala hakuna anayetucheka. Na kuhusu kujaa, mwezi wa Oktoba 1986 njia ya intaneti baina ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pawili pasipoachana hata mita 400, ilisongamana mpaka mwendo wake ukaporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, na kwa sababu ya mkasa huo Van Jacobson akatunga taratibu za kuzuia msongamano ambazo athari yake imo ndani ya mtandao mpaka sasa. Kwa hiyo mabomba yapo, na kujaa yanajaa. Kosa lilikuwa mahali ambapo wacheshi hawakupagusa. Ujumbe hauchelewi siku nne kwa kuwa njia imejaa sinema za watu wengine, maana pakiti inayokosa nafasi haingoji siku nne mlangoni. Hutupwa, na aliyeituma huituma tena punde si punde. Ujumbe wa namna ile umekwama katika seva ya barua, na ushahidi wa Seneta ulikuwa ushahidi wa kesi nyingine. Lau angepatikana fundi wa kumwambia hivyo kwa staha, mjadala ungerudi kwenye swali lenyewe, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kuamua data zipi zitangulie pale njia inapokuwa finyu. Watu walilicheka neno lililokuwa na ukweli ndani yake, wakaliacha kosa lipite salama.

Ward Cunningham alifanya kinyume cha hayo. Yeye na wenzake walikuwa wanaandika programu ya kusimamia amana na vitega uchumi, na ilimpasa kumweleza mkubwa wake kwa nini watu wake wanahitaji muda wa kuurudia msimbo ambao tayari unafanya kazi. Kwa kuwa mkubwa huyo alikuwa mtu wa mambo ya fedha, Cunningham alimwambia kwamba kutoa programu mapema, kabla hamjaielewa vyema, ni kama kukopa: mkopo mdogo huharakisha mambo, mradi ulipwe upesi, na kila dakika inayopotea kwa kuhangaika na msimbo usiokaa sawa ni riba ya mkopo ule. Alilieleza jambo hili katika mkutano wa OOPSLA uliofanyika Vancouver mwaka 1992, na leo mfano huo, kwa jina la deni la kiufundi, unatajwa katika vikao vya bajeti na watu ambao hawajapata kuuona msimbo kwa macho yao. Tazameni alichokifanya: hakungoja meneja atunge mfano wake mbovu ili apate cha kucheka, bali aliingia katika elimu ya mwenzake, akachukua humo kitu ambacho mwenzake alikijua kuliko yeye, akamrudishia kikiwa na maana mpya. Na kazi yake haikuishia hapo, kwani miaka mingi baadaye ilimlazimu kusimama tena kueleza kwamba hakukusudia kuwapa watu ruhusa ya kuandika ovyo kwa ahadi ya kulipa kesho. Alikusudia kwamba uandike kwa uelewa bora ulio nao leo, kisha uurekebishe msimbo kadiri uelewa unavyokua. Mfano mzuri nao huharibika ukiachwa peke yake.

Wapo miongoni mwenu wasomi watakaonijibu kwa Edsger Dijkstra, na jibu hilo nalistahi. Bingwa huyo wa sayansi ya kompyuta kutoka Uholanzi aliandika mwaka 1988 kwamba kompyuta ni jambo jipya kabisa, lisilofanana na lolote katika maarifa ya wanadamu yaliyotangulia, na kwamba mwenye kutaka kulielewa kwa kulifananisha na mambo ya zamani anajizuia kulielewa. Kwa mtu anayekaa mbele ya msimbo wake na kutaka kuthibitisha kwamba ni sahihi, maneno hayo ni ya kweli, nami singependa kumwona kijana akiutetea msimbo wake kwa hadithi ya ghala na ufagio. Lakini meneja haketi mahali pale. Yeye anatakiwa kuamua juu ya fedha, watu na wakati, na maamuzi hayo hayangoji mpaka ajifunze hisabati. Yatafanywa Alhamisi saa nne asubuhi, kwa picha yoyote aliyonayo kichwani. Tusipompa picha sisi, ataiokota mahali popote, na mahali pa kwanza pa kuiokota ni katika maisha yake mwenyewe. Ndiyo maana mifano yake ni ya magari na majumba na timu za mpira. Tunaicheka kwa kuwa ni ya kigeni kwetu, na ni ya kigeni kwetu kwa sababu tulimwacha aitunge peke yake.

Grace Hopper, mwanahisabati aliyefikia cheo cha admirali katika jeshi la majini la Marekani, alilielewa hili kuliko wengi. Maadmirali walikuwa wakimuuliza kwa nini ujumbe unaopitia kwenye satelaiti unachukua muda kufika, nao walikuwa watu wazima wenye vyeo ambao yamkini hawakupenda kuonekana hawajui. Hopper alikuwa akitembea na vipande vya waya wa simu, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sentimita 30, ambao ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme au nuru yaweza kwenda katika nanosekunde moja. Alimpa admirali kipande mkononi, akamwonyesha kwamba vipande vya namna ile vinavyoingia baina ya hapa na satelaiti ni vingi mno. Satelaiti za mawasiliano zilizotulia juu ya ikweta ziko umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mtu aliyeushika waya ule kwa vidole vyake hakuhitaji kuambiwa tena kwamba kuchelewa hakutokani na uvivu wa mafundi. Na waandishi wa programu nao alitamani watundikiwe waya wenye urefu wa mikrosekunde, wapate kuona wanachokitupa wanapoipoteza hata mikrosekunde moja.

Niruhusuni nieleze na jambo nililolishuhudia katika ofisi moja ya huku kwetu, ambayo sina haja ya kuitaja. Akaunti za wateja zilikuwa zinahamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, na meneja akasema kwamba kazi hiyo ni kama kuhama nyumba: Ijumaa jioni tunapakia, Jumapili tunapakua, Jumatatu tunaamka katika nyumba mpya. Vijana wakatazamana. Lakini alikuwepo binti mmoja, mdogo kwa umri kuliko wote mezani, akainua mkono akasema, "Bwana meneja, nyumba yetu ina wapangaji ambao hawatatoka. Usiku ule ule tunaohama watakuwa wanapika na kufua, na sufuria tutakayoipakia, dakika mbili baadaye mtu ataitaka." Meneja akamtaka aendelee. Akaeleza kwamba wateja wataweka na kutoa fedha usiku kucha, na kila muamala utakaoingia katika mfumo wa zamani baada ya data zake kunakiliwa utakuwa haupo katika mfumo mpya. Kisha akasema kwamba nyumba mpya ina milango mifinyu: mfumo wa zamani ulipokea nambari ya simu kwa namna yoyote, wengine wakaianza kwa sifuri, wengine kwa 255, wengine wakaweka nambari mbili katika nafasi moja na mkwaju katikati, ilhali mfumo mpya unakubali namna moja tu, na wamo wateja wenye jina moja la Juma, bila ya jina la baba, ambao mfumo mpya utawakataa wote. Hakuna aliyecheka tena. Meneja alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa vizuri zaidi na mhandisi yeyote: je, tunaweza kuhamisha chumba kimoja kimoja, na kwa muda kukaa katika nyumba zote mbili? Kwa saa moja iliyofuata, watu wale walipanga namna ya kuiendesha mifumo miwili sambamba, na tawi lipi lianze, na nani alinganishe salio kila asubuhi. Mwisho wa juma mmoja ukawa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu meneja mwenyewe ndiye aliyekwenda kuitetea mbele ya mkurugenzi, kwa mfano wake mwenyewe, uliotengenezwa.

Kujibu mfano kwa mfano si jambo geni kwa watu wa lugha yetu, na ndiyo sababu linaniuma kutuona tunalisahau. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa mafumbo wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama, na mashairi yao yamehifadhiwa mpaka leo. Mshairi aliyepelekewa fumbo hakukaa pembeni na rafiki zake kulicheka, kwa sababu kulicheka kungeonyesha kwamba hakulielewa. Alilifungua, akaona nguvu yake iko wapi na udhaifu wake uko wapi, kisha akajibu kwa fumbo la kwake lililoshika mahali palepale, kwa mizani ile ile. Wahenga wamesema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kuligangua fumbo ndiko kulikokuwa alama ya elimu na kipimo cha heshima baina ya mahasimu. Sembuse baina ya watu wanaokula mshahara mmoja?

Lipo na jambo zito zaidi linalonifanya niandike kwa msisitizo huu. Mfano unaochekesha hauna hatari kubwa, maana kila mtu anauona ulivyo. Mfano wa kuogopwa ni ule ulionyooka na kupendeza, unaowafanya watu watikise vichwa kwa kukubali, wala hakuna anayeufungua. Posta ya Uingereza ilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999, na katika miaka iliyofuata mfumo huo ukaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo katika madawati ya mawakala wake. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015, wengine kwa wizi, wengine kwa udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa. Paula Vennells, aliyekuwa mkuu wa Posta hiyo, aliiandikia kamati ya Bunge mwaka 2020 kwamba alipomuuliza mkuu wa kampuni ya Fujitsu, iliyokuwa ikiusimamia mfumo huo kiufundi, juu ya usalama wake, aliambiwa, kwa maelezo yake, kwamba mfumo ni kama Fort Knox, ngome ya Kentucky ambamo Serikali ya Marekani huweka dhahabu yake.

Huo ni mfano ulio mzuri kusikika. Kuta nene, milango ya chuma, askari. Lakini mwandishi wa programu yeyote angeweza kuuliza, kwa adabu kabisa na kwa kubaki ndani ya mfano huo huo, ni nani waliomo ndani ya ngome wakiwa na funguo, wanaweza kuigusa dhahabu ya nani, na wakiigusa ni daftari gani litakaloonyesha. Maana ndivyo ilivyokuwa: mafundi wa Fujitsu waliweza kuzifikia hesabu za mawakala wakiwa mbali na kuzibadilisha bila ya wakala kujua, na jambo hilo lilithibitishwa mahakamani na Jaji Fraser mwezi wa Desemba 2019, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, wakala wa zamani. Walikuwepo watu waliolijua kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo, kwa sababu walikuwa wakilifanya kwa mikono yao. Richard Roll, aliyekuwa mmoja wa mafundi hao, alijitokeza akalisema hadharani, nami namheshimu kwa hilo. Hukumu za wengi hazikufutwa mpaka Bunge lilipopitisha sheria mahsusi mwezi wa Mei 2024, robo ya karne baada ya mfumo kuanza. Ninapolifikiri jambo hili, siwafikirii wakubwa peke yao. Nafikiri ni vikao vingapi vilipita katika miaka ile, na ni mafundi wangapi walisikia mfumo wao ukisifiwa kwa maneno wasiyoyaamini, wakanyamaza kwa sababu wamekwisha kuzoea kuyahesabu maneno ya wakubwa kuwa ni upuuzi usiostahili jibu.

Kwa mameneja watakaoisoma barua hii nina neno fupi. Msiache kutoa mifano kwa kuogopa kuchekwa, kwani mfano wenu ndio unaotuonyesha mmefikia wapi na mnaogopa nini. Lakini mkiutoa, ngojeni kidogo, na muulize ni wapi unapovunjika, na anayewaonyesha pale unapovunjika msimwekee kinyongo. Binti niliyemtaja angekuwa katika ofisi nyingine, pengine angeambiwa akae chini.

Nanyi ndugu zangu, ninalowaomba halihitaji kozi wala cheti. Katika kikao kitakachofuata, meneja akisema kwamba programu ni kama gari au jengo au timu ya mpira, usishike simu. Jiulize kwanza mfano ule una kweli gani, kwani aghalabu unayo, na uitaje kweli hiyo kwa sauti ili msemaji ajue kwamba amesikilizwa. Kisha utafute mahali unapopotosha, na uonyeshe hapo kwa kitu ambacho yeye anakijua: kwa mtu wa fedha, riba, kwa mtu wa mauzo, mteja aliyeondoka, kwa aliyewahi kuhama nyumba, wapangaji ambao hawatoki. Ukiona mfano hauwezi kutengenezwa, sema wazi kwamba hauwezi, na utoe wa kwako, na uwe tayari wa kwako nao ukosolewe na mtu wa fedha, ambaye huenda akakwambia kwamba deni si kitu kibaya na kwamba hujui riba inavyohesabiwa. Wale mnaowapokea vijana kutoka vyuoni, wafundisheni hivi mapema, kabla hawajajifunza kutuma stika. Na meneja akikosea tena juma lijalo kwa mfano mwingine, ajibiwe tena.

Wasalaam,
Mwenzenu katika kazi